UCHAMBUZI: Kushusha pikapu kuukuu – sheria imeondoka, hatari imebaki

KWA zaidi ya miaka 60, mkazi wa jimbo la California, Marekani, aliyelishusha gari lake hadi likakaribia kulamba lami alihesabiwa kuwa mkosaji, hata kama hakuwa amemgonga mtu wala kuvuka kasi iliyowekwa.

Hali hiyo ilibadilika Januari 1, 2024. Siku hiyo sheria mpya, iliyotokana na mswada AB 436 wa mbunge wa jimbo hilo David Alvarez, ilianza kutekelezwa baada ya Gavana Gavin Newsom kuutia saini Oktoba 2023.

Sheria hiyo ilifanya mambo mawili. Kwanza, iliyapokonya mabaraza ya miji mamlaka ya kupiga marufuku mtindo wa kurandaranda kwa magari, yaani kuendesha polepole katika barabara ile ile kwa ajili ya kujionyesha na kukutana na wenzako. Pili, ilifuta kifungu cha 24008 cha sheria za magari, ambacho kilikataza gari kushushwa kupita kiwango fulani.

Ni jambo la pili ambalo linastahili kutazamwa kwa makini zaidi. Kifungu hicho hakikuyahusu magari madogo ya abiria pekee. Kiliyagusa pia magari ya kibiashara yenye uzani usiofika pauni 6,000, ambazo ni takriban kilo 2,700. Kwa maneno mengine, kiliigusa pikapu.

Na pikapu kuukuu ndiyo kipenzi kipya cha mafundi na wapenzi wa magari nchini Marekani. Chevrolet C10 za kati ya 1960 na 1987, hasa zile za 1967 hadi 1972, pamoja na Ford F-100 za zama hizo, zinatolewa katika maghala na mashamba zilikoachwa zishikwe na kutu, zinafufuliwa, kisha zinashushwa.

Swali ambalo wabunge wa California hawakulijibu ni hili: ikiwa sheria haipo tena kumwambia mwenye pikapu akomee wapi, ni nani atakayemwambia?

KIPIMO CHA RIMU

Ili kulielewa swali hilo, ni muhimu kujua kifungu kilichofutwa kilisema nini hasa. Kilieleza kwamba gari lisibadilishwe kutoka umbo lake la kiwandani kiasi kwamba sehemu yake yoyote, isipokuwa magurudumu, inakuwa chini zaidi ya ukingo wa chini wa rimu.

Kipimo hicho hakikubuniwa ovyo. Mafundi waliobobea wanakijua kwa sababu ya ajali moja rahisi kuifikiria: tairi kupasuka.

Tairi inapokosa upepo ghafla, upande huo wa gari huanguka hadi rimu ikaukaribia uso wa barabara. Ikiwa kuna chuma chochote kinachoning'inia chini ya kiwango cha rimu, basi chuma hicho ndicho kitakachotangulia kufika chini. Kikiwa ni mkono wa springi au sehemu ya usukani, dereva hana tena gari la kuongoza. Ana jembe linalolima lami.

Ndiyo maana hadi leo watengenezaji makini huchora mstari wa kufikirika kutoka ukingo wa chini wa rimu ya upande mmoja hadi mahali tairi ya upande wa pili inapogusa barabara. Chochote kilicho chini ya mstari huo huhesabiwa kuwa hatari. Hawafanyi hivyo kwa kuogopa polisi. Wanafanya hivyo kwa kuwa maumbile hayana habari kuhusu mabadiliko ya sheria.

Kwa hivyo, ni kosa kudai kwamba kifungu cha 24008 kilikuwa upuuzi mtupu. Kilikuwa na kiini cha ukweli ndani yake. Tatizo lilikuwa namna kilivyotumiwa, na dhidi ya nani.

CHIMBUKO LA UGOMVI

Mtindo wa kushusha magari ulishika mizizi miongoni mwa vijana wa Marekani wenye asili ya Mexico, katika mitaa ya Kusini mwa California, kabla na baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Wakati vijana wengine walikuwa wakiyapunguzia magari uzani na kuyaongezea nguvu ili yaende mbio, hawa walitaka yaende polepole na chini, yakionekana.

Njia zao zilikuwa za kimasikini. Waliweka magunia ya mchanga kwenye buti, au walizikata springi. Gari kuukuu lililonunuliwa kwa bei ya kutupa liligeuka kuwa fahari ya familia.

Sheria ilipoanza kutumika 1958, haikuchukua muda kabla ya mbinu ya kuikwepa kupatikana. Mnamo 1959, kijana Ron Aguirre aliiwekea Corvette yake pampu na vali za mafuta zilizotokana na vifaa vya ndege. Kwa kubonyeza swichi, gari lilipanda hadi kiwango halali polisi walipotokea. Walipopita, lilishuka tena.

Kwa njia hiyo, katazo lililokusudiwa kuua mtindo likauzalia ufundi mpya. Magari yanayopanda, kushuka na hata kurukaruka, ambayo leo yanajulikana duniani kote kama loraida, ni mtoto wa sheria hiyo.

Hata hivyo, si kila mtu aliyekuwa na pampu. Katika miongo iliyofuata, miji kadhaa ilipitisha marufuku ya kurandaranda. National City, karibu na San Diego, ilifanya hivyo 1992. Waliotetea marufuku hayo walitaja msongamano, kelele na magenge. Walioyapinga walisema kwamba yaliwapa polisi kisingizio cha kumsimamisha mtu kwa sababu ya sura yake na mtaa anaotoka.

Hoja ya wapinzani ndiyo iliyoshinda mwishowe. San Jose na Sacramento ziliondoa marufuku yao 2022, na National City ikafuata 2023, kabla ya jimbo zima kuyafuta.

Kufikia wakati huo, utamaduni wenyewe ulikuwa umekwisha kutambuliwa mahali pa heshima. Gari la loraida kutoka Chimayó, New Mexico, Ford LTD ya 1969, linahifadhiwa katika Jumba la Kitaifa la Makumbusho ya Historia ya Marekani. Impala ya 1964 iitwayo Gypsy Rose iliwahi kuwekwa katika uwanja mkuu wa kitaifa jijini Washington, 2017, ilipoingizwa katika orodha ya magari ya kihistoria.

Ilikuwa kinaya kwamba aina ya gari inayotunzwa na serikali ya taifa kama urithi iliweza kuandikiwa faini katika jimbo ilikozaliwa.

KWA NINI PIKAPU

Pikapu iliingia katika ulimwengu huu kwa mlango wa nyuma. Tofauti na Impala, haikuundwa kupendeza. Iliundwa kubeba nyasi, mbao, saruji na mashine.

Kwa sababu hiyo, sehemu yake ya nyuma huinuka ikiwa tupu. Springi zake ni ngumu kwa kuwa zinasubiri mzigo. Zikikosa mzigo, pikapu hukaa kama mtu aliyeinama kuokota kitu, na hurukaruka kila inapokanyaga jiwe.

Anayeifufua pikapu leo kwa kawaida hakusudii kubeba saruji. Anataka kuiendesha Jumapili, kuipeleka kwenye maonyesho, au kuirithisha mwanawe kile alichoachiwa na babake. Kwake yeye, urefu ule wa kiwandani ni mavazi ya kazi katika karamu ya harusi.

Isitoshe, kushusha kwa kiasi kuna faida halisi. Kitovu cha uzani kinapoteremka, gari huinama kidogo tu linapokata kona. Pikapu ya 1970 iliyoshushwa vyema na kuwekewa breki bora yaweza kuwa salama zaidi kuliko ilivyotoka kiwandani.

Neno la kuzingatia hapo ni "vyema". Na hapo ndipo wengi huteleza.

KAZI YA FUNDI

Chukua mfano wa Chevrolet C10 ya kati ya 1967 na 1972. Mbele ina mikono miwili kila upande, wa juu na wa chini, na springi ya kujiviringa katikati. Nyuma, nyingi zina mikono miwili mirefu inayoushika mhimili kutoka chini ya kibanda cha dereva, springi za kujiviringa, na fito moja ya chuma inayokatiza upande kwa upande ili mhimili usihame.

Njia ya mkato ya kuishusha ni kuzikata springi kwa msumeno, au kuzichoma kwa moto wa gesi hadi zilegee. Zote mbili hazigharimu kitu, na zote mbili ndizo zilizowapa walioshusha magari sifa mbaya.

Chuma cha springi kina nguvu kwa sababu kilipikwa na kupozwa kwa utaratibu maalumu. Ukikichoma bila utaratibu, unakitoa roho. Kitaendelea kulegea siku baada ya siku, upande mmoja zaidi ya mwingine, na hatimaye kinaweza kuvunjika. Springi iliyokatwa nayo huenda isikae sawasawa katika kikombe chake.

Njia ya pili ni kununua springi fupi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Hii ni bora, lakini mikono ya mbele hubadilika pembe. Gurudumu huinamia ndani upande wa juu, na tairi huliwa ukingo wa ndani ilhali ule wa nje ungali mpya. Kwa hivyo ni lazima magurudumu yapangwe upya kwa mashine.

Njia ya tatu, ambayo mafundi wengi huipendelea, ni kubadilisha kile kipande kinachobeba gurudumu lenyewe. Kipande kipya huwa kimeinuliwa mahali gurudumu linapofungwa, kwa C10 mara nyingi inchi mbili na nusu. Gari hushuka kwa kiasi hicho huku springi na mikono ikibaki katika pembe yake ya awali. Ni ghali kuliko msumeno, lakini usukani haupotezi adabu.

Nyuma kuna mitego yake. Ile fito inayokatiza imefungwa upande mmoja kwenye fremu na upande wa pili kwenye mhimili. Pikapu inaposhuka, fito huzunguka kama mkono wa saa na kuusukuma mhimili kando. Asiyejua hilo hushangaa kuona tairi ya kushoto ikikwaruza bodi ilhali ya kulia ina nafasi tele. Dawa yake ni fito inayoweza kurefushwa au kuhamishwa mahali ilipofungwa.

Kwa pikapu za Chevrolet za kuanzia 1973, ambazo nyuma zinatumia springi za mabamba, mhimili hukaa chini ya mabamba hayo. Fundi anaweza kuugeuza ukae juu yake. Kwa kufanya hivyo, pikapu hushuka inchi kadhaa kwa mkupuo mmoja.

Lakini kadiri fremu inavyoshuka, ndivyo inavyoukaribia mhimili. Ikishuka sana, kwa kawaida kuanzia inchi nne au tano, mhimili utaigonga fremu kwenye kila shimo. Ili kuepuka kugongana huko, fundi hukata fremu kipande chenye umbo la mwezi mchanga juu ya mhimili, kisha huimarisha mahali hapo kwa bamba nene la chuma.

Hapa ndipo pasipo na kurudi nyuma. Springi hurudishwa, kipande cha gurudumu hurudishwa, fito hurudishwa. Fremu iliyokatwa hairudi ilivyokuwa. Ikiwa kazi hiyo imefanywa na mtu asiyejua kuchomelea, uti wa mgongo wa gari umedhoofishwa mahali hasa unapobeba uzani wa nyuma.

Yapo pia mambo madogo yanayosahaulika. Shokamzoba za awali huwa ndefu kupita kiasi kwa gari lililoshuka, zikafika mwisho wake na kupasuka. Mipira ya breki yaweza kusuguana na rimu. Pembe ya shafti inayopeleka nguvu nyuma hubadilika, na gari likaanza kutetemeka kwa mwendo fulani. Taa za mbele, zikiwa zimeshuka pamoja na bodi, huhitaji kuelekezwa upya.

Kuhusu taa, sheria ya California bado ina neno. Taa kubwa za mbele hazifai kuwa chini ya inchi 22, au takriban sentimita 56, kutoka ardhini. Hilo halikufutwa na AB 436, na huenda likawa ndilo kizuizi cha mwisho kwa wale wanaotaka kuishusha pikapu hadi tumboni.

Wenye uwezo huachana na springi kabisa na kuweka mifuko ya upepo. Kompresa ndogo hujaza tangi, na dereva hupandisha au kushusha pikapu akiwa ameketi. Akifika kwenye tuta, anaipandisha. Akiegesha, anailaza. Ni mrithi wa ile pampu ya 1959, lakini sasa hamkwepi polisi.

Hata hivyo, mifuko huvuja na mipira hukatika. Fundi anayeingia uvunguni mwa gari lililobebwa na upepo pekee, bila kuweka stendi za chuma, anahatarisha maisha yake.

UPANDE WA PILI WA NCHI

Huku California ikilegeza kamba, majimbo mengine ya Marekani yamekuwa yakiikaza, na sababu ni pikapu vilevile.

Mtindo ulioenea Kusini-mashariki mwa nchi hiyo ulikuwa wa kuinua mbele na kushusha nyuma, pikapu ikaonekana kama mbwa aliyeketi. North Carolina iliupiga marufuku 2021, Virginia ikafuata 2022 na South Carolina 2023. Katika sheria hizo, kipimo cha tofauti baina ya mbele na nyuma kiliwekwa kuwa inchi nne.

Sababu zilizotolewa zilikuwa za usalama. Boneti iliyoinuka humzuia dereva kuona kilicho mbele yake karibu, akiwemo mtoto anayevuka. Taa nazo huelekea angani na kuwapofusha wanaokuja.

Kwa mtazamo wa haraka, majimbo hayo na California yanapingana. Lakini kwa undani, tofauti yao ni ya namna ya kutunga sheria. Majimbo ya Kusini yalitaja hatari mahususi, yakaiwekea kipimo, na kuuacha ushushaji wa kawaida kama ulivyo. California ilikuwa na kipimo chenye maana, lakini kiliishi katika nyumba moja na marufuku ya utamaduni. Nyumba ilipobomolewa, kipimo nacho kilifukiwa.

Ingewezekana kuvitenganisha. Bunge lingeweza kuwaachia watu haki yao ya kurandaranda na kushusha, huku likidumisha kanuni kwamba sehemu za usukani na za kushikilia magurudumu zisiwe chini ya rimu. Badala yake, kifungu chote kilifutwa.

Watetezi wa sheria mpya wana jibu lao. Wanasema kanuni yoyote iliyoachwa ingekuwa kisingizio kile kile mikononi mwa polisi yule yule. Afisa hapimi rimu kwa rula saa nne usiku. Humsimamisha mtu kwanza, kisha hutafuta kosa.

Ni hoja nzito, na historia inaiunga mkono. Lakini pia haiondoi ukweli kwamba tairi hupasuka.

FUNZO KWA WAKENYA

Msomaji wa Nairobi au Nakuru huenda akaona mjadala huu kuwa wa mbali. C10 si gari la barabara zetu. Kanuni za uingizaji magari nchini, ambazo kwa kawaida haziruhusu gari lililotumika kuwa na zaidi ya miaka minane wala kuwa na usukani upande wa kushoto, zimeufanya mlango kuwa mwembamba. Na hata lingeingia, matuta yetu yangelikomesha kabla ya kufika nyumbani.

Ila Kenya inaujua vyema ugomvi huu kwa sura nyingine. Sheria za marehemu John Michuki za 2004 zilileta mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo kwenye matatu, na hakuna mtu mwenye busara anayezilaumu kwa hilo. Lakini vita vya kurejesha nidhamu barabarani viliikumba pia michoro na rangi ambazo vijana walizihesabu kuwa sanaa yao. Ilichukua hadi 2014 kwa Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, kutamka kwamba michoro iruhusiwe.

Serikali ilitambua, ingawa kwa kuchelewa, kwamba mkanda wa usalama na mchoro wa mwanamuziki ubavuni mwa matatu si kitu kimoja. Kimoja huokoa maisha. Kingine humkera tu asiyekipenda. Sheria inayovichanganya huishia kuvunjwa yote, pamoja na sehemu yake iliyo njema.

Aidha, mafundi wa jua kali hufanya kila siku kinyume cha wanachofanya wenzao wa California. Huongeza mabamba kwenye springi za pikapu ili ziinuke na kubeba mzigo mkubwa kuliko uliokusudiwa na kiwanda. Fizikia ni ile ile. Gari lililoinuliwa huwa jepesi kupinduka kwenye kona. Breki zake hazikuongezwa nguvu pamoja na mabamba. Na aliyeketi nyuma juu ya magunia hakuulizwa.

Kwa hivyo, Mkenya anayeitazama pikapu ya 1968 iliyolazwa juu ya lami ya Los Angeles, rangi yake iking'aa kama peremende, asidhani kwamba anatazama mchezo wa matajiri tu. Anatazama swali ambalo hata hapa halijajibiwa: ni nani anayehakikisha kwamba gari lililobadilishwa bado linaweza kusimama, kukata kona na kuvumilia tairi kupasuka?

AMANA YA MWENYE GARI

Kwa sasa, nchini Marekani jibu limebaki kwa mwenye gari na fundi wake. Wanaoifanya kazi hii kwa heshima wana kanuni ambazo hazikuandikwa katika gazeti rasmi la serikali lolote. Huanza na kile kinachoweza kurudishwa kabla ya kukata kisichorudi. Hushusha mbele na nyuma kwa uwiano. Huangalia breki kabla ya rangi. Huegesha pikapu mahali tambarare, hutoa upepo wote kwenye tairi moja, na kuchungulia uvunguni kuona ni chuma gani kitagusa kwanza.

Jaribio hilo la mwisho halihitaji mashine wala cheti. Ni kipimo kile kile kilichokuwa katika kifungu cha 24008, isipokuwa sasa kinafanywa kwa hiari, gerejini, na mtu anayejua kwamba mwanawe ndiye atakayeiendesha pikapu hiyo baada yake.

Waliopigania haki ya kushusha magari walikuwa na madai ya haki. Walidhalilishwa kwa miongo mingi kwa sababu ya kitu walichokitengeneza kwa mikono yao na kukipenda. Ushindi wao wa 2023 haukuwa wa springi pekee. Ulikuwa wa heshima.

Lakini heshima hiyo italindwa au kupotezwa barabarani. Pikapu moja iliyokatwa springi ovyo, ikapasuka tairi na kuingia kwenye kundi la watu siku ya maonyesho, itawapa wapinzani wao kila walichokuwa wakikitafuta, na mswada wa kurejesha marufuku utakuwa mezani kabla ya majeruhi kutoka hospitalini.

Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Lami ina nguvu kuliko chuma chochote kinachoburuzwa juu yake kwa kasi. Aliyeshusha pikapu yake na akataka iendelee kuwa chini, polepole na halali, hana budi kuipisha lami angalau kwa upana wa rimu.